Goma: Lenzi ndefu isingoje Virunga ifunguliwe

Mpiga picha wa Goma anapofungua boksi la lenzi mpya ya kuvuta mbali, mawazo yake huenda moja kwa moja Mikeno, kwa sokwe wa milimani. Si ajabu. Mji huu uko mlangoni mwa Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, na dunia inapotaja wanyama wa Kivu ya Kaskazini hutaja sokwe kabla ya wengine wote. Lakini sokwe ndiye mnyama anayehitaji lenzi hiyo kidogo zaidi, na Mikeno ndiyo mahali pa mwisho pa kuijaribu. Mahali pa kwanza ni hapa hapa mjini, ukingoni mwa Ziwa Kivu, asubuhi, mbele ya ndege ambao watu wa Goma wamewazoea hata hawawaangalii tena.

Lenzi inayozungumziwa ni ile ndefu ya zumu, ambayo wengi hapa huiita objektifu: milimita 150 hadi 600 kwa zile za Sigma na Tamron, 200 hadi 600 kwa Sony, 180 hadi 600 kwa Nikon. Ina uzito wa kilo mbili hivi na urefu kama wa chupa kubwa ya bia. Ikiwa mpya, bei yake huanzia karibu dola 1,000 na kufika dola 2,000, kufuatana na jina lililoandikwa ubavuni. Kwa mtu anayeishi kwa kupiga picha za ndoa na ubatizo, hiyo ni pesa ya miezi mingi. Kwa hiyo swali la mahali pa kuijaribu si la mchezo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lenzi ya milimita 600, kwenye kamera yenye sensa kubwa ya milimita 36, inaonyesha upana wa sentimita 6 kwa kila mita moja ya umbali. Mnyama akiwa mita 10, picha ina upana wa sentimita 60. Akiwa mita 50, ina upana wa mita 3. Kwenye kamera yenye sensa ndogo upana unapungua tena, karibu sentimita 4 kwa kila mita. Mwenye kukumbuka namba hizo anajua, kabla ya kutoka nyumbani, ni mnyama gani ataingia kwenye picha na ni yupi atakatwa miguu.

Kanuni ya zamani ya kutembelea sokwe ni kukaa mita 7 mbali nao, na tangu korona wataalamu wa uhifadhi wanashauri mita 10. Katika mita 7, lenzi ya 600 inapata sentimita 42 tu: uso na kipande cha bega, basi. Familia haionekani, mtoto mgongoni kwa mama haonekani, msitu wenyewe haupo. Tena sokwe ni mweusi, anakaa chini ya miti na mianzi, mara nyingi kukiwa na ukungu. Lenzi hizi zikivutwa mpaka mwisho hufungua f/6.3 tu, wakati lenzi fupi ya 70 hadi 200 yenye f/2.8 huingiza mwanga karibu mara tano zaidi. Anayepanda Mikeno na lenzi ndefu peke yake atashuka na picha zenye giza na chembechembe, na atailaumu lenzi bure.

Picha ya sokwe wa Virunga iliyozunguka dunia kuliko nyingi katika miaka hii ilipigwa kwa simu. Ilikuwa Aprili 2019, mlinzi wa mbuga Mathieu Shamavu alipojipiga picha katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo. Nyuma yake Ndakasi na Ndeze walisimama kwa miguu miwili kama watu wanaosubiri zamu yao. Watu wengi walicheka na kutamani kusimama hapo. Lakini ukaribu ule ulikuwa wa kulea mayatima. Ndakasi aliokotwa mwaka 2007 akiwa bado mchanga, ameshikilia mwili wa mama yake aliyeuawa kwa risasi. Alikufa Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake, Andre Bauma. Sokwe wa porini hakaribiwi hivyo, kwa sababu mafua yanayomwacha mtu na kikohozi cha siku tatu yanaweza kumuua sokwe.

Hapo ndipo faida ya kweli ya lenzi ndefu inapoonekana. Wauzaji husema inamleta mnyama karibu. Kitu inachofanya hasa ni kumruhusu mtu abaki mbali. Ndege haruki na kuacha mayai yake, kiboko hakasiriki, na mpiga picha anarudi nyumbani mzima. Lenzi hii ni chombo cha kuheshimu umbali, na umbali huo hujifunzwa kwa mazoezi mengi. Safari moja ya saa moja kwa sokwe haitoshi.

Wanyama ambao lenzi ya 600 inawafaa kweli wako upande wa kaskazini. Kuna viboko wa mto Rutshuru na wa Ziwa Edward, wanaofikia urefu wa mita tatu na zaidi, na ambao mtu mwenye akili hawafuati kwa miguu. Kuna tembo wa uwanda wa Rwindi. Kuna ndege wa majini, kama watu wa Vitshumbi wanavyoweza kueleza vizuri kuliko kitabu, wanaotua karibu na pirogi samaki wanapoteremshwa. Hao ndio wanyama wa mita 50 na mita 100.

Lakini njia ya huko inajulikana ilivyo. Tangu vita vya M23 viliporudi Rutshuru, ziara za kuona sokwe zilisimamishwa, na barabara ya kupitia Rwindi ilikuwa hatari hata kabla ya hapo kwa sababu ya makundi yenye silaha na utekaji nyara. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma wenyewe ulitekwa, banki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Walinzi wengi wa Virunga wameuawa kazini. Aprili 24 mwaka 2020 peke yake, 12 kati yao waliuawa katika shambulio moja karibu na Rumangabo. Kumwambia kijana mwenye kamera mpya aende Rwindi kuijaribu ni kumwambia aende kufa kwa ajili ya picha.

Ndiyo maana wengi wanaamua kuifungia lenzi kabatini mpaka amani irudi. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ni mbaya. Lenzi isiyotumika kwenye hewa ya unyevu kama ya hapa huota kuvu ndani ya vioo. Na mkono usiozoea kilo mbili hautazizoea siku moja kwa sababu barabara imefunguliwa.

Ziwa liko hapa. Juu ya Kituku na juu ya bandari, mwewe huzunguka kutwa wakitafuta matumbo ya samaki. Kunguru mwenye kifua cheupe yuko kila paa la bati. Mnandi hukaa juu ya mawe ya lava akikausha mabawa yake. Yangeyange hutembea polepole kwenye maji mafupi. Fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, husimama peke yake kama mlinzi wa usiku aliyesahau kwenda kulala. Na kuna mdiria, mdogo, mweusi na mweupe, anayesimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja kabla ya kujirusha majini. Mdiria ana urefu wa sentimita 25 hivi. Akiwa mita 10, anajaza karibu nusu ya upana wa picha ya lenzi ya 600. Hakuna sokwe anayeweza kuipa lenzi hii mtihani mzuri hivyo.

Mtihani wa kwanza ni mkono. Kwenye milimita 600 kila mtikisiko unakuzwa, hata pumzi. Kasi ya chini ya kamera inafaa iwe 1/600 ya sekunde kwa mnyama aliyetulia, na 1/2000 au zaidi kwa ndege anayeruka. Mfumo wa kutuliza mtikisiko uliomo ndani ya lenzi husaidia mkono wa mpiga picha, lakini haumtulizi ndege. Miguu mitatu ya duka ni ghali na nzito kubeba kwenye moto. Mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za maharagwe, ukiwekwa juu ya ukuta au ubavu wa pirogi na lenzi ikalazwa juu yake, unafanya kazi hiyo vizuri, na jioni maharagwe hayo bado yanaliwa.

Mtihani wa pili ni jicho la ndege. Manyoya yakionekana vizuri lakini jicho likawa na ukungu, picha imekufa. Mnandi anayekausha mabawa hutulia muda wa kutosha kupigwa picha ishirini: kumi kwa f/6.3, kumi kwa f/8, kisha zote zikaangaliwa kwenye kompyuta kwa ukubwa kamili. Tofauti ikiwa kubwa sana, au upande mmoja wa picha ukiwa laini kuliko mwingine, lenzi ina kasoro na inapaswa kurudishwa kwa muuzaji mapema. Kwa lenzi iliyotumika, ambazo ndizo nyingi zinazopita Goma, taa ya simu ikimulikwa ndani ya vioo huonyesha kuvu na vumbi kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Mtihani wa tatu ni hewa yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Jua likipanda juu ya mawe meusi ya lava, hewa inaanza kutetemeka kama juu ya mbabula. Lenzi ndefu inaona mtetemo huo wote. Picha ya ndege aliye mita 80 saa sita mchana itakuwa laini hata kama lenzi ni bora kuliko zote. Katika kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ukungu wa vumbi na moshi huficha hata Nyiragongo. Basi kazi ifanywe kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni, na mpiga picha asogee kwa hatua zake badala ya kutegemea kioo kifanye kazi ya miguu.

Mtihani wa nne ni vumbi. Vumbi la lava linakwaruza. Lenzi zinazorefuka zinapovutwa, kama zile za Sigma na Tamron za 150 hadi 600, huingiza na kutoa hewa kama pampu, na vumbi hufuata humo. Zile za Sony na Nikon zilizotajwa hapo juu hazirefuki, kioo hutembea ndani. Anayenunua kwa ajili ya Goma, mji wa moto na barabara za mawe, ahesabu jambo hilo pamoja na bei.

Lakini mtihani mgumu kuliko yote si wa kioo. Ni wa macho ya watu. Lenzi nyeusi ndefu begani, ikionwa kutoka mita mia, haifanani na kamera. Katika mji ambao watu wamesikia risasi usiku, kuinyanyua ghafla na kuielekeza upande wa kambi, wa uwanja wa ndege, wa bandari au wa mpaka, iwe Petite Barrière au Grande Barrière, ni kujitafutia msiba. Hata ndege mzuri namna gani akitua juu ya ukuta wa kambi, huyo si ndege wa kupigwa picha. Inafaa mpiga picha amuone nyumbakumi na mkuu wa kartie kabla ya siku ya kazi, awaonyeshe kamera, awaonyeshe picha za jana, arudi mahali pale pale kwa saa zile zile mpaka watu wamzoee. Wapiga picha wa ndege duniani kote huzoeza ndege. Goma inadai wazoezwe na watu pia.

Tena kuna heshima. Kituku si mahali pa maonyesho. Oktoba 3 mwaka 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na hapo, na mji mzima ulilia. Lenzi inayoweza kuhesabu manyoya ya mwewe kwa mbali inaweza pia kuchukua uso wa mama anayeuza sambaza bila yeye kujua. Mwenye lenzi hiyo akiielekeza kwa watu, ashuke kwanza, asalimie, aombe. Umbali unaomheshimu mnyama unaweza kumdharau mtu.

Wapo watakaouliza kwa haki: katika mji wenye wakimbizi, wenye walimu wasiolipwa na familia zisizojua zitakula nini kesho, nani ana nafasi ya kupiga picha za mdiria? Jibu si kwamba ndege ni muhimu kuliko watu. Jibu ni kwamba wanyama wa Kivu wanakufa katika vita hivi hivi, na asiye na picha hana ushahidi. Julai 2007, picha ya Brent Stirton ya sokwe Senkwekwe akibebwa na watu juu ya miti kama jeneza ilifanya dunia iulize nani ameua na kwa nini, na swali likafika kwenye biashara ya makala. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000. Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta kwenye mto Ishasha, na dunia ilisadiki ilipoona picha zilizotolewa na mbuga, maiti zikielea.

Swali ni nani atapiga picha ijayo. Goma haikosi vipaji. Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo wamechapishwa na vyombo vikubwa vya habari vya nje. Lakini dunia inawajua zaidi kwa picha za vita, za watu wanaohama na za volkano. Mnyama wa Virunga, kwa sehemu kubwa, bado anasubiri mgeni ashuke na sanduku la lenzi, akae wiki mbili, aondoke na picha. Mtoto wa Majengo au wa Ndosho amemwona tembo kwenye noti ya franka 100, na picha nzuri za tembo aliye hai, umbali wa safari ya siku moja kutoka kwao, ziko kwenye magazeti asiyoweza kununua, katika lugha asiyoisoma.

Kuhusu pesa, njia ipo na mama zetu wa soko wanaijua: likelemba. Watu kumi wakitoa dola 20 kila wiki, wiki ya kumi wana dola 2,000. Badala ya pesa kuzunguka, izunguke lenzi. Kila mmoja awe nayo wiki moja, kuwe na daftari la kuandika nani ameichukua na imerudi katika hali gani, iwekwe kwenye sanduku kavu ili unyevu usiifikie. Lenzi moja inayofanya kazi kila asubuhi ina faida kuliko lenzi kumi zinazolala. Lazima tu wanachama wote wawe na kamera za aina moja, maana lenzi ya Sony haiingii kwenye Nikon, na jambo hilo liamuliwe kabla ya mchango wa kwanza.

Mashirika ya mazingira yanayofanya kazi Kivu yana deni hapa pia. Yanapohitaji picha ya ripoti, yaanze kwa kuuliza nani wa Goma anaweza kuipiga, na yalipe bei ile ile ambayo wangemlipa mgeni, bila kuhesabu tiketi ya ndege kama sifa ya ziada. Mbuga nayo, siku milango itakapofunguliwa, itenge siku chache kwa mwaka kwa wapiga picha wa Goma, Rutshuru, Beni na Bukavu waingie kwa bei ya mwenyeji.

Siku hiyo itakuja, hata kama hakuna anayeweza kutaja tarehe. Barabara ya Rwindi itapitika tena na viboko waliobaki watakuwa bado kwenye maji ya Rutshuru. Atakayefika huko akiwa na mwaka mzima wa mdiria na mwewe mkononi atajua asimame wapi, asubiri muda gani, na asikaribie kiasi gani. Aliyeifungia lenzi yake kabatini atakuwa ndiyo kwanza anasoma kitabu cha maelezo, na kiboko hamsubiri mtu amalize kusoma.